Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, 1935: Nani Aliachwa Nje?

Tarehe 14 Agosti 1935, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na wazee wengi walikuwa wamepoteza akiba zao benki zilipofilisika. Katika insha hii ninajadili nani alinufaika na sheria hiyo na nani aliachwa.

Kuanzia 1937, mfanyakazi na mwajiri kila mmoja alilipa kodi ya asilimia 1 ya mshahara, ili mfanyakazi apate pensheni akifikisha miaka 65. Hundi ya kwanza ya kila mwezi ilitolewa Januari 1940 kwa Ida May Fuller wa Vermont, aliyewahi kuwa karani wa mawakili. Ilikuwa ya dola 22.54.

Hata hivyo, vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani hawakuhusishwa. Kazi hizo ndizo zilizoajiri Wamarekani Weusi wengi, hasa Kusini. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu sababu: baadhi hutaja shinikizo la wabunge wa Kusini, wengine ugumu wa kukusanya kodi kwa vibarua. Kwa maoni yangu, sababu yoyote iwayo, sheria ambayo haikutaja rangi ya mtu iliwabagua watu kupitia kazi zao. Bunge lilianza kuwaingiza mwaka 1950. Mpishi aliyezeeka kabla ya hapo alizeeka bila pensheni hiyo.

Kwa hiyo, tunapochunguza sera ya serikali, tusiishie kwenye ahadi zake. Tusome pia orodha ya wasiohusika.