Tofauti za Kiwango cha Saratani kati ya Wilaya

Kiwango cha saratani ni idadi ya wagonjwa wapya wanaogunduliwa kwa mwaka katika kila watu 100,000, nacho husawazishwa kwa umri ili wilaya yenye wazee wengi ilinganishwe kwa haki na ile yenye vijana wengi. Tofauti za kweli hutokana na mazingira, maambukizi na mwenendo wa maisha. Mfano mashuhuri ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958. Safari yake ya mwaka 1961 ilidhihirisha kwamba ugonjwa huo ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni haba. Hata hivyo, si kila tofauti ni ya kweli: takwimu za maeneo ya mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, kama vile Kasulu au Mabamba wilayani Kibondo, hazina budi kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mgonjwa asiyefika hospitali haandikwi katika daftari la wagonjwa wa saratani. Hivyo kiwango kidogo chaweza kuficha wagonjwa wasiohesabiwa.