Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, walilia, walihangaika. Walimu hawakupatwa. Wasichana waliporudi makwao, hali hiyo ikazuka Nshamba. Wahaya wakaiita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka.

Madaktari Rankin na Philip walichunguza, wasikute sumu wala kijidudu. Waliofuata wameeleza kwamba hofu na msongo wa mawazo vilitafuta mlango mwilini. Mabinti hawakuwa wakiigiza. Moyo ukibanwa, ubongo huuandaa mwili kwa hatari: mapigo huenda mbio, misuli hukaza.

Lakini njia hiyo ina kurudi. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Marekani alieleza kwamba mtu akiketi kimya, akirudia neno moja au sala fupi, pumzi hupungua kasi, mapigo hutulia, misuli hulegea. Mwandishi wa Zaburi ya 131 aliujua utulivu huo zamani.

Hata leo, huku Kaagya, mchungaji huitwa shuleni binti anapoanguka akipiga kelele. Ndugu zangu, tusikimbilie kukemea pepo mbele ya wenzake. Tumkalishe, tupumue naye taratibu, tunyamaze pamoja mbele za Bwana. Kisha tumwulize anaogopa nini.