Kiwanda kisicho na mashine: Historia iliyo katika nyumba za Lamu

Juzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea rasimu ya tasnifu. Ameandika kwamba nyumba kongwe za mawe mjini Lamu zilikuwa na kiwanda, na kwamba hiyo ni dalili ya ukuaji wa viwanda vidogo pwani. Nilicheka, kisha nikajilaumu. Jamani, nani aliwahi kumfundisha Kiamu?

Katika lahaja hiyo, nd husikika mahali penye nj ya Kiswahili sanifu: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Kiwanda, basi, ni kiwanja. Yaani ua wa ndani ulio wazi juu.

Ua huo ndio uhai wa nyumba. Kuta za upande wa barabarani zina madirisha machache, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hutegemea urefu wa boriti za mikoko. Mwanga na hewa huingilia kiwandani. Mgeni hubisha hodi dakani, penye baraza za mawe. Mwenyeji hupita msana wa tini (chini), msana wa yuu (juu), hadi ndani, chumba chenye zidaka ukutani. Zidaka ni vidaka: daka dogo dogo.

Wapo wanaodai kuwa nyumba hii ililetwa na Waomani ikiwa kamili. Hoja hiyo haisimami. Waomani waliitwaa Fort Jesus mwaka 1698, ilhali huko Gedi, karibu na Malindi, kuna magofu ya karne ya 15 yenye nyua za ndani. Sikatai mchango wa Uislamu. Hata sitara, ambayo ua huu huihifadhi, ni neno la Kiarabu. Lakini kiwanda, ndani, tini na yuu ni maneno ya Kibantu. Aliyeipa nyumba majina hayo hakuwa mpangaji humo.

Mwaka 2001 UNESCO iliutambua mji mkongwe wa Lamu kuwa urathi wa dunia. Mawe yamepata mlinzi; maneno je? Ua ukiezekwa ili kupata chumba cha ziada, si mwanga tu unaopotea. Mtoto atakayezaliwa humo atasikia "kiwanda" na kuwaza mashine, kama mwanafunzi wangu.

Sikumkata alama. Nimemwambia aende Lamu, aketi na akina bibi, awaulize jina la kila pembe ya nyumba. Na ayaandike.