Kanisa la Mkunazini na Paa Lililobashiriwa Kuanguka

Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, watu wa Mji Mkongwe wa Unguja wameyatazama majengo yao ya kale kwa jicho la wasiwasi, wakiulizana lipi litafuata. Na katika maulizano hayo ni nadra kutajwa Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku kama hiyo ya Krismasi, mwaka 1873, ilhali ndilo jengo lililobashiriwa kuanguka hata kabla halijakamilika.

Habari ya soko la watumwa lililokuwa mahali hapo yajulikana na kila mtoto wa skuli. Sultani Seyyid Barghash, akisongwa na John Kirk, balozi wa Uingereza, alitia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, soko likafungwa, na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakakipata kiwanja chake.

Edward Steere, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa padri na kisha askofu wa misheni hiyo, na ambaye sisi wapenzi wa Kiswahili twamjua zaidi kwa hadithi za Unguja alizozichapisha mwaka 1870, aliazimu kulifunika kanisa hilo kwa namna isiyojulikana mjini. Nyumba za Unguja zilizoea boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio huamua upana wa chumba; yeye akaziacha boriti, akapindisha paa mfano wa nusu pipa, kwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wengi walisema haliwezi kusimama. Askofu aliendelea na kazi, akiisimamia mwenyewe. Walakini husimuliwa kwamba safari moja alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo kumi na mbili za upande wa magharibi juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Mimi naona alifanya busara, maana nguzo hizo huwachekesha wageni hata leo, na hazijamdhuru mtu. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, ambayo, kwa kauli ya waelekezaji, ipo mahali ulipokuwapo mti wa kuchapia watumwa. Paa limesimama.

Yaliyofuata ni machache: msalaba usemwao kuwa wa mti wa Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone, na sanamu ya watumwa ya Clara Sörnäs, iliyowekwa uani katika miaka ya 1990.

Siku hizi wageni aghalabu huharakishwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la jirani, waambiwe kuwa vilikuwa gereza la watumwa, ingawa wako wanahistoria washikiliao kwamba jengo hilo ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Naona ni dhulma kuanza na jambo lenye shaka na kuipita kazi iliyo dhahiri. Waelekezaji, tafadhalini, waingizeni wageni kanisani kwanza, wainue macho. Nasi wenyeji, Waislamu na Wakristo, tunaolipita kila siku tukienda sokoni Darajani, tuingie pia.