Barua za Mfalme Afonso wa Kongo

Watu wengine husema kwamba wafalme wetu wa zamani hawakuacha maandishi. Kwa hiyo, wasema, habari za mapatano yao na inchi za ng'ambo tunazipata kwa vinywa vya Wazungu tu. Si kweli. Mjini Lisbon, katika nyumba ya maandishi ya serikali ya Ureno iitwayo Torre do Tombo, zimo barua za Afonso wa Kwanza, Mfalme wa Kongo. Jina lake la kwao lilikuwa Mvemba a Nzinga. Alibatizwa mwaka wa 1491, akatawala zaidi ya miaka 30, na mji wake Mbanza Kongo leo umo kaskazini ya Angola.

Barua zake zilizobaki zapita 20. Ni za Kireno, nazo zafuata desturi za wafalme wa Ulaya: Afonso amwita mfalme wa Ureno ndugu yake. Lakini tusidanganywe na salamu. Tarehe 6 Julai 1526, karani wake João Teixeira aliandika barua ya uchungu mwingi kwa Mfalme João wa Tatu. Afonso asema kwamba wafanya biashara wanakamata watu kila siku, watoto wa inchi, wana wa wakubwa, hata jamaa zake mwenyewe, na inchi inabaki bila watu. Yeye hahitaji kutoka Ureno ila mapadri na walimu wachache wa shule, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti Takatifu. Hataki biashara ya watumwa katika ufalme wake.

Miezi mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba, aliandika tena. Sasa hasemi juu ya kukataza biashara yote. Ameweka watu watatu wa kuchungua kila mtu anayenunuliwa, kama ni mtumwa kweli ama mtu huru aliyeibwa. Tunaona hapa mfalme aliyebanwa. Na tuseme wazi: yeye mwenyewe alikuwa amepeleka watumwa Ureno kulipia vitu alivyoagiza. Kumfanya mtakatifu katika jambo hili ni kuficha nusu ya barua zake.

Jibu la João latushangaza hata leo. Aliandika kwamba Wareno waliokaa Kongo wamemwambia inchi ni kubwa mno, tena imejaa watu, hata ni kama hakuna mtumwa hata mmoja aliyetoka. Basi, mfalme wa inchi alihesabu watu wake waliopotea, na ndugu yake wa mbali akasadiki maneno ya wanunuzi.

Ajabu ni kwamba mashtaka haya yalitunzwa na serikali iliyoshtakiwa. Mbanza Kongo iliharibiwa katika vita vya wenyeji mwaka wa 1678. Huko Lisbon, siku ya Watakatifu Wote mwaka wa 1755, inchi ilitetemeka, na mnara uliokuwa na maandishi ukaanguka. Watu wakayaokota katika mawe. Tangu mwaka wa 1952, Padri António Brásio, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alianza kuyapiga chapa katika vitabu vyake vikubwa juu ya misioni za Afrika. Naye Askofu Jean Cuvelier wa Matadi, pamoja na Padri Louis Jadin, alitoa mwaka wa 1954 maandishi ya Kongo ya kale yaliyotunzwa Roma.

Humo Lisbon imo pia barua ya mwaka wa 1540. Afonso, mzee sasa, aeleza namna Wareno wanane walivyompiga bunduki kanisani, siku ya Pasaka, alipokuwa akisikiliza Misa. Aliponea chupuchupu. Na habari hiyo aliipeleka kwa yule yule João, akimwita ndugu kama siku zote.