Banda la Peugeot

Mwaka 1979, nikiwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu, nilinunua Peugeot 404 kuukuu, gari lililoshinda mbio za Safari mara nne kati ya 1963 na 1968. Gari kubwa, la wakubwa! Nikalijengea banda kwa kipimo chake.

Juzi binti yangu alikuja na Corolla mpya, “kigari” chake. Kiliingia bandani, milango ikagoma kufunguka. Nikachukua futi. 404 ilikuwa na urefu wa mita 4.4 na upana wa 1.6, kigari kina 4.6 na karibu 1.8. Corolla ya kwanza, ya 1966, haikufika hata mita 3.9. Vyuma vya kumkinga abiria ajalini vimeinenepesha milango.

Nami niliwaringia wanachuo miaka mingapi! Banda nimewaachia kuku.