Mtu Aliyewakatalia Mbuta

Dani yangu hakumpenda mbuta. Tukikaa mezani kule Kisumu, anaanza hadithi ileile: zamani tulikula ngege, tulikula fulu, visamaki vidogo unavianika tu juani. Mimi hapo niko kwa simu, simsikii.

Dani alishaenda zake nilipokutana na jina la Geoffrey Fryer, nikitafuta stori ya kuandika ili nilipe kodi ya nyumba. Fryer alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa 1927. Alianza na samaki wa Ziwa Nyasa, akapita Bangweulu, halafu 1957 akafika Jinja, kwenye kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki.

Wakati huo ngege walikuwa wamevuliwa kupita kiasi. Fulu walikuwa tele, lakini wakubwa wa kikoloni waliwaona ni takataka. Wazo likawa: tulete mbuta, awale hao wadogo, sisi tumle yeye. Tena ana mwili, anaweza kupita kilo 100.

Mwaka 1960 Fryer aliandika makala kupinga. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mbuta ni mla nyama, na ili aongeze kilo moja lazima ameze kilo kadhaa za samaki wengine. Sasa hapo umeongeza chakula au umepunguza? Tena ukishamtia ziwani, humtoi. Sukari ikishayeyuka kwa chai, basi. Na hakuwa wa kwanza kuonya. Michael Graham, aliyepima uvuvi wa ziwa hili 1927 na 1928, alisema mapema kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake ni hatari.

Kinachouma ni kwamba Fryer akiandika, mbuta walishaingizwa kimyakimya upande wa Uganda tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1962 na 1963 wakaachiliwa rasmi.

Kwa karibu miaka ishirini ilionekana kama amekosea. Halafu miaka ya 1980 mbuta wakalipuka. Kulikuwa na aina kama 500 za fulu: wa kukwangua mwani kwa mawe, wa kuvunja konokono, hata wa kula magamba ya wenzao. Wanasayansi wanakadiria aina kama 200 zilipotea.

Fryer alikuwa amerudi Uingereza, Windermere, akichunguza vidudu vya majini ambavyo wengi hatuvioni. Mwaka 1972 yeye na T. D. Iles walitoa kitabu kikubwa kuhusu samaki wa jamii ya fulu na ngege katika maziwa makuu ya Afrika.

Ningependa kumalizia kwa kumlaani mbuta, lakini siwezi. Viwanda vilikuja, minofu ikaenda Ulaya, kina mama wakabaki kukaanga mgongowazi. Mjomba wangu aliuza mbuta, na pesa hiyo ndiyo ilinisomesha hadi nikaacha chuo mwenyewe. Fryer alisema kweli, na mimi nimelishwa na kosa alilolikataa. Yote mawili ni kweli, sijui niyapange vipi.

Mbuta nao wakavuliwa mno, na aina kadhaa za fulu zimeanza kurudi. Mwaka jana nikiwa Dunga niliwaona kwa beseni la mama mmoja. Nikanunua wa mia moja, nikawaanika juani vile Dani alikuwa akisema. Walikuwa watamu.